Timamu Kuliko Mimi

Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Jambo hilo halijadiliwi, na hakuna anayeulizwa kama anapenda. Kwa hiyo siku mke wa mwanangu alipojifungua msichana kule Nakuru, mimi nilizaliwa mara ya pili, na nilihakikisha Mau Narok nzima inajua. Nilisimamisha watu sokoni nikiwaambia, "Nimezaliwa! Nina nywele kichwa kizima!" Waliokuwa wakifunga magunia ya viazi waliacha kufunga wakanipigia makofi.

Naomba nijieleze mapema. Mimi ni mtu wa mdomo. Nilifiwa na mume nikiwa bado kijana, nikabaki na watoto wawili na shamba la viazi, na kwa mdomo huu nimefukuza madalali, mashemeji wenye tamaa na wahubiri wa kujiteua. Umenifaa sana. Lakini ndio pia ulionifikisha Mahakama Kuu ya Nakuru, nikiwa shahidi wa kwanza wa serikali dhidi ya mke wa mwanangu, katika kesi ya kumuua mtoto aliyebeba jina langu.

Mke huyo wa mwanangu hakuzaliwa kwetu. Alizaliwa mjini, kwenye nyumba za zamani za reli, ambako babu yake alikuja kutoka upande wa magharibi kutafuta kazi ya garimoshi. Nyumbani ilibidi wote tuongee Kiswahili kwa ajili yake, nami nikalalamika mwezi mzima kisha nikazoea. Alikuwa fundi wa nguo, mpole, mwenye kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Alijifunza desturi zetu kwa bidii kuliko binti yangu mwenyewe. Aliuliza nani husalimiwa kwanza, nani hupakuliwa kwanza, nani haitwi kwa jina lake. Nilimpenda. Sikumwambia, maana niliamini mama mkwe akisema hivyo mapema atapandwa kichwani, lakini nilimpenda.

Sasa, kuna mchezo unaofuatana na jina. Mtoto akipewa jina la mtu, huchukuliwa kama mtu huyo. Mwanangu alimwita bintiye "Mum" na kumwomba ruhusa ya kutoka. Binti yangu, aliyekuja kutoka Njoro kumwona, alimnyanyua hewani akamwambia, "Mum, unakumbuka vile ulinichapa nikiwa class five? Sasa ni zamu yangu." Tulicheka sana. Na mke wa mwanangu, ambaye kwa desturi hiyo alikuwa sasa anamnyonyesha mama mkwe wake, alitarajiwa kutania kuliko sisi sote. Kila nyumba kwetu hucheza mchezo huu, na sikuwa nimewahi kuona ukimdhuru mtu.

Alipotoka hospitali alikuja kukaa kwangu. Mwanangu huendesha kombaini katika mashamba ya ngano, na msimu wa kuvuna ukifika anaondoka asubuhi na kurudi na vumbi hadi kwenye kope. Mimi nilimpikia mkwe wangu njahi, yale maharagwe meusi ya kuongeza maziwa, nikamkorogea uji, nikamkataza kugusa maji baridi. Siku za kwanza alikula, akanyonyesha, akalala. Kama kuna kitu nilichofanya vizuri katika maisha yangu, ni zile siku sita.

Siku ya saba au ya nane walikuja wanawake wenzangu wa kanisani kuona mtoto. Nilikuwa nimetayarisha maji ya vuguvugu kwenye beseni. Nikamwambia, "Haya, mvue tumwogeshe, wageni wamwone." Akamkumbatia mtoto na shali lake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Siwezi kuvua mama nguo mbele ya watu," akasema.

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mmoja alimwaga uji mapajani. "Huyu amelelewa!" wakasema. "Huyu ni wa kwetu kabisa, hata kama alitoka kwa reli!" Hakuna aliyefurahi kuliko mimi. Nilimchukua mtoto nikamwogesha mwenyewe, nikiwaambia wageni kwamba ni mara yangu ya kwanza kuuona mgongo wangu. Mkwe wangu aligeuka akatazama ukuta mpaka nilipomaliza. Hilo pia tulilisifu.

Kesho yake wageni hawakuwepo, na bado hakumvua. Keshokutwa vilevile. Nepi nikawa nabadilisha mimi, kumwogesha mimi, na yeye kila mara anageukia ukuta. Hapo ndipo mtu mwenye macho angesimama. Mchezo wa kutaniana unahitaji watu wa kucheka, na sisi tulikuwa wawili tu jikoni, na yeye hakuwa anacheka. Niliona hivyo kwa macho yangu. Nikajiambia ni heshima imezidi kidogo, na heshima ikizidi ina ubaya gani?

Akaanza kusimama kila nilipoingia na mtoto, kama wanafunzi mwalimu akiingia. Kabla ya kumnyonyesha alimwomba radhi. Alasiri moja nilitoka shambani nikamkuta amesimama kando ya kitanda cha mtoto. Kwenye kigoda palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa hadi maziwa yakaganda utando juu. Miguu yake ilikuwa imevimba.

"Keti, wewe," nikamwambia.

"Mama hajakunywa," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Jumapili hiyo niliwasimulia wenzangu kisa cha kikombe cha chai, na nilikisimulia vizuri, nikiigiza sauti yake.

Mwanangu ndiye pekee aliyejaribu. Alikuwa akifunga buti asubuhi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mum, huyu halali. Hata kidogo. Nikiamka nampata amekaa tu, anaangalia mtoto."

"Nani hulala na mtoto mchanga? Wewe ulinilaza lini?"

"Si hivyo. Anaongea na yeye. Anaongea, halafu ananyamaza kama mtu anajibiwa."

"Na aongee na nani, ng'ombe?"

Akacheka kwa kulazimika, akaenda kazini. Nimemlea akijua kwamba nikishasema jambo, limekwisha.

Siku moja kabla ya msiba, nilikuwa nje nachambua njahi kwenye ungo. Mkwe wangu alikuja akachuchumaa karibu nami kuliko kawaida yake. Macho yalikuwa makavu, yamefunguka sana. Akaninong'oneza, "Mama amechoka. Anasema anataka kurudi."

Nilidhani ni utani, na kwamba hatimaye ameanza kuuweza. Sikuinua hata uso. "Mwambie angoje kidogo," nikasema. "Bado hajaonja viazi vya msimu huu."

Alifikiri kwa muda, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akasema, "Nitamwambia."

Asubuhi iliyofuata, yapata saa nne, nilikuwa shambani na vibarua watatu tukichagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Nilimwona akipanda kutoka upande wa chini, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Gauni lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Shali la mtoto alilibeba kwenye mkono, limekunjwa mara nne, kingo zimelingana. Alitembea taratibu, akasimama mbele yangu.

"Amerudi," akaniambia. "Hakulia."

Niliangalia lile shali, kisha nikakimbia. Niliyoyakuta bwawani sitayaandika. Aliyewahi kumtoa mtoto majini anajua, na ambaye hajawahi, Mungu amwepushe.

Alasiri hiyohiyo nilikuwa kituo cha polisi. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, alinipa kiti, akaniambia, "Mathe, pole sana. Tunaandika tu vile ilikuwa. Kulikuwa na shida kati yenu?"

Hadi wakati huo sikuwa nimelia wala kusema neno. Swali lake likanipa pa kushika. Shida kati yetu! Nilijiuliza, ni nani aliyetupwa kwenye maji? Si mimi? Si jina langu? Si aliniambia mwenyewe kwamba mama amechoka, mama anataka kuondoka? Heshima yake yote ikageuka mbele ya macho yangu ikawa unafiki. Kugeukia ukuta, kumbe ni kunichukia asitake hata kuniona. Kikombe cha chai, kumbe ni kejeli. Yote yalikaa sawasawa, na nilihisi nafuu, nasema kweli, nafuu ya mtu aliyepata wa kumlaumu.

"Aliniua mimi," nikamwambia afisa. "Hakuweza kunifikia, akamaliza mwenye jina langu." Nikamweleza desturi yetu ya majina, naye akaandika. Nikakumbuka siku tuliyogombana kidogo kwa sababu alitaka kurudi mjini kwenye cherehani yake, nikaitia chumvi mpaka ikawa vita.

"Na akili yake?" afisa akauliza. "Umeona akiwa na kitu kama kuchanganyikiwa?"

"Huyo?" nikasema. "Ana akili timamu kuliko mimi."

Akanisomea taarifa yote. Niliweka sahihi bila kusita. Hivyo ndivyo desturi ya watu wangu ilivyoingia kwenye faili ikawa sababu ya mauaji. Kabla ya taarifa hiyo polisi walikuwa na mama aliyemzamisha mtoto wake wala hawajui kwa nini. Baada yake walikuwa na mwanamke aliyemchukia mama mkwe. Hata mtu wa mbali angeielewa hadithi hiyo.

Tulimzika mtoto bila mama yake. Yeye alikuwa rumande Nakuru, na mimi sikwenda. Mwanangu aliacha kula kwangu, akawa analala kwenye kambi ya wafanyakazi wa ngano. Nilidhani ni majonzi tu. Kanisani walinionea huruma kwa miezi, na mimi nikaipokea.

Kisha mama mzazi wa mkwe wangu akaja. Nilimwona amesimama langoni, mwanamke mnene mwenye kutembea kwa shida, amevaa kitambaa cha kanisa lao. Hatukuwa tumeongea tangu siku ile. Nilifikiria kumfungulia mbwa. Badala yake nikatoka nikamwuliza anataka nini.

"Sijakuja kuomba msamaha," akasema. "Nimekuja kukuuliza kitu moja, halafu niende."

Nikamletea kigoda hapohapo nje, maana sikutaka aingie. Akaketi, akavuta pumzi.

"Msichana wangu alinipigia simu akiwa hapa kwako. Akaniambia hawezi kuvua mtoto nguo, kwa sababu ni mama mkwe wake. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukafikiri ni nini?"

"Nilifikiri ni heshima."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole. "Hata mimi. Nikamwambia, mwanangu, nilikulea vizuri." Machozi yalikuwa yakishuka lakini sauti ilikuwa ileile. "Alinipigia siku nne. Siku ya nne alikuwa ananong'ona. Nikamwambia, hebu punguza mchezo, kula, shiba, utoe maziwa. Nilicheka, mama. Nilicheka kwa simu."

Tukakaa. Kuku walipita katikati yetu.

Akanieleza yaliyotokea huko ndani, maana yeye alikuwa akienda kila siku ya kutembelea. Daktari wa akili alipomwona alisema ni ugonjwa unaowapata wanawake wachache baada ya kuzaa. Unakuja haraka, katika wiki za kwanza, usingizi unakatika, na mtu anaamini jambo moja kabisa, kama wewe unavyoamini kwamba leo ni leo. Walimpa dawa. Wiki zilipopita akaanza kulala, na akili ilipomrudia akawauliza askari wa kike mtoto wake yuko wapi, maana maziwa yamekauka. Ndipo wakamwambia. Kwa hiyo alipata habari ya msiba akiwa rumande, kutoka kwa watu wasiomjua.

"Bwanake anajua haya yote," akasema. "Huja kila mwezi na sabuni na sukari."

Mwanangu! Nilipandwa na hasira, nikasimama. Amekuwa akienda, na mimi hajanipa hata fununu. Kisha nikakumbuka buti, na jinsi nilivyomjibu, na hasira ikakosa pa kwenda. Nikaketi tena.

"Wakili anasema daktari hakuwepo siku ile," akaendelea. "Mimi sikuwepo. Bwanake alikuwa kazini. Mwenye aliona ni wewe, na wewe umeandikisha alikuwa timamu. Hiyo ndiyo itamfunga." Akainuka kwa kushika magoti. "Sikuambii useme uongo. Useme tu vile ulicheka."

Laiti ningekuambia kwamba niliamua siku hiyohiyo. Nilichukua wiki mbili, na nitasema kwa nini, hata kama ni aibu. Ukweli ni kwamba nilimtaka awe muuaji. Akiwa muuaji, mimi ni bibi aliyeonewa, na watu wananiletea chakula. Akiwa mgonjwa, basi mimi ni mwanamke mzima mwenye akili zake aliyeishi na mgonjwa nyumba moja, akamwona anavimba miguu mbele ya kikombe cha chai, akaenda kumwigiza kanisani. Niliomba Mungu aniondolee jambo hilo. Hakuliondoa, na nilikosa usingizi, na kukosa usingizi kwenyewe kulinikumbusha yeye.

Siku ya kutoa ushahidi nilivaa koti langu la kanisani. Mkwe wangu alikuwa kizimbani, amekonda, nywele zimekatwa karibu na kichwa. Hakuniangalia. Wakili wa serikali alikuwa mwanamke mtulivu, akaniongoza vizuri, jina, kazi, uhusiano na mshtakiwa. Kisha akanipa taarifa yangu.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulisema mshtakiwa alikuwa na akili timamu kuliko wewe. Ni maneno yako?"

"Ni yangu. Lakini si ya kweli."

Akaweka kalamu chini. Akanikumbusha kwamba nimekula kiapo. Akaniuliza kama kuna mtu amenitembelea nyumbani, nikasema ndiyo, mama yake. Akaniuliza kama nataka kumwokoa kwa sababu ni mke wa mwanangu. Nikamwambia mwanangu haongei na mimi, kwa hiyo asinipe sifa hiyo. Jaji akaniambia nijibu maswali tu. Nikaomba radhi.

Wakili wa utetezi, msichana mdogo aliyepewa kesi hiyo na mahakama, akasimama akaniuliza neno moja tu. "Mama, eleza korti ulichokiona."

Nikaeleza. Nilisema kuhusu beseni na ukuta. Nilisema kuhusu kusimama, na kuomba radhi kabla ya kunyonyesha. Nilipofika kwenye kikombe cha chai, na yeye akisema mama hajakunywa, mtu kwenye viti vya nyuma alicheka. Halafu mwingine. Hata karani aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Ni kisa cha kuchekesha, sikatai, na mimi nina kipaji cha kusimulia.

Nikageuka nikawaangalia. "Ndiyo," nikawaambia. "Hata mimi nilicheka hivyo."

Hakuna aliyeniambia nijibu maswali tu. Nikamalizia, nikasema maneno ya mwisho niliyomwambia kuhusu viazi, nayo hayakuwa kwenye taarifa yoyote, hakuna aliyeyajua ila mimi na yeye. Ndipo alipoinua uso kizimbani. Niliona kwamba anayakumbuka.

Hukumu ilichukua miezi mingine. Jaji alisema kitendo ni chake, hakuna anayebisha, lakini akili yake ilikuwa imevurugwa na kuzaa, wala haikuwa chuki. Hakuwa na hatia ya mauaji ya kukusudia. Sheria ina jina lingine kwa mama aliye katika hali hiyo, na adhabu nyingine. Akapewa kifungo cha nje, chini ya afisa wa probesheni, kwa masharti ya kwenda kliniki na kuishi na mtu mzima wa kumwangalia. Mwanangu alilia kwa sauti. Kuhusu mimi jaji hakusema lolote. Nilingoja, kwa ujinga wangu, nikidhani labda kuna ukurasa wangu mahali fulani kwenye makaratasi yale. Akafunga faili, tukasimama, akatoka.

Afisa wa probesheni alikuja nyumbani kabla ya kumwachilia. Alikagua vyumba, akaongea na chifu, akaniuliza, "Mama, uko tayari kuishi na yeye? Huogopi?"

"Siogopi," nikasema. "Haikuwa yeye. Ilikuwa ugonjwa." Niliyasema kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Niliyaamini pia. Nilikuwa nimeyaapia.

Sasa ana miezi mitano hapa. Anameza dawa zake mbele yangu kila asubuhi kisha ananionyesha ulimi, bila kuambiwa. Cherehani yake ililetwa, anashona sare za shule. Mwanangu amerudi kula kwangu, ingawa mazungumzo yetu bado ni ya hali ya hewa. Tunaishi. Ninachekesha kidogo sana siku hizi, na nadhani watu wamepumzika.

Wiki iliyopita binti yangu alikuja kutoka Njoro na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, wa miezi mitatu. Alikuwa hajamleta. Kila mwezi alikuwa na sababu, na hakuna aliyemwuliza. Aliingia jikoni akiwa amelowa mvua, akasema ameacha begi kwa pikipiki kule barabarani, na kwa haraka hiyo akamweka mtoto mikononi mwa aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni mke wa mwanangu. Kisha akatoka mbio.

Mimi nilikuwa jikoni upande wa pili, nimeshika mwiko. Sikumbuki kuvuka chumba. Ninachokumbuka ni kwamba mtoto alikuwa kifuani mwangu, analia kwa kushtuliwa, mwiko uko sakafuni, na mke wa mwanangu amebaki na mikono vilevile, imekunjwa kama bado imebeba. Hakuna aliyekuwa amemfanya mtoto chochote ila mimi.

"Ni sawa, Mama," akasema. Akashusha mikono, akarudi kwenye viazi alivyokuwa akimenya.

Niliona aibu kuliko ile ya kortini. Kule nilikuwa na koti na kiapo, na watu wa kunisikiliza. Hapa nilikuwa na mikono yangu tu, nayo ilikuwa imetoa hukumu yake bila kuniuliza. Nilimbembeleza mtoto akanyamaza. Nikaenda nikaketi kwenye kigoda mbele ya mkwe wangu, magoti yetu karibu kugusana, nikamwondolea kisu na kiazi, nikamrudishia mtoto mikononi. Mikono haikutaka. Nililazimika kuiambia kidole kwa kidole.

Alimpokea, akamweka sawa kichwa kwenye kiwiko. Sufuria ilifurika motoni nyuma yangu, nami sikugeuka kuiangalia.

"Siwezi kuacha kuangalia," nikamwambia.

"Angalia tu, Mama," akasema. "Hata mimi hujiangalia."

Tukakaa hivyo, yeye akimtazama mtoto na mimi nikimtazama yeye, mpaka binti yangu aliporudi na begi.